Pole na Kazi

Ghorofa ya tatu, Ghala, Maskati.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni,
na mimi, Raiyya binti Khalfan, mhasibu,
nimekizoea kidude hiki cha benki
kama mtu anavyozoea jino la bandia:
kidogo, cha kijivu, tarakimu za vitufe zimefutika,
kidole tu ndicho kinachozikumbuka.

Tarehe ishirini na tano ndiyo siku yake.
Nakipa namba ya siri, kinafumbua jicho.
Nakipa kiasi, nakipa mkia wa akaunti,
kinatafuna kimya, kisha kinatema namba nane.
Ukichelewa kuziandika, zimeshakufa.
Kwa namba hizo mchomeleaji wa Kerala
na dereva kutoka Tanga
hupeleka kwao ada za shule.

Basi saa tano simu ikalia.
Sauti ya kiume, tena Kiswahili,
si hiki chetu cha Maskati, nusu Kiarabu nusu haraka,
bali Kiswahili kilichotandikwa, chenye mto wa kuegemea.
"Hujambo, bibie? Pole na kazi.
Sisi wa benki, tunaoanisha mitambo.
Hebu shika kidude chako."
Nami nikashika!
Mtu mzima, miaka kumi na tisa ya vitabu vya hesabu.

"Andika msimbo: nne, moja, sufuri, sufuri."
Kidole kikaenda. Nne. Moja.
Lakini pale kiooni, kwa Kiarabu chake kikavu,
kidude kilikuwa kinauliza: al-mablagh.
Kiasi.
Msimbo gani huo, nikawaza, unaoitwa kiasi?

Sikupiga kelele. Nilisema tu:
"Kaka, kidude chasema hizi ni riali elfu nne na mia moja.
Zinakwenda kwa nani?"
Nikamsikia akimeza mate.
Nyuma yake jogoo akawika.
Akakata.

Kidude hakijui Kiswahili. Hakina kwao.
Hakibembelezeki, hakina wa kumkumbuka,
na siku ile kilinishinda akili.

Nikafuta. Nikaanza upya, jina baada ya jina;
watu thelathini na mmoja, wote wamelipwa kabla ya adhuhuri.
Kisha nikabaki nikikitazama kioo kikizimika,
na hili nalisema kwa aibu:
tangu mwezi wa Rajabu
hakuna mtu mwingine aliyeniambia
pole na kazi.