Kutoka Moja Hadi Kumi

Cheti changu kinaning'inia ukutani. Siku mbili za semina:
kuwasiliana na watu wa tamaduni nyingine.
Walitupa biskuti, na karatasi yenye orodha:
Waafrika hawamtazami daktari machoni,
Waafrika huja hospitali na ukoo mzima.
Nami, Mwafrika pekee mle chumbani,
niliweka alama ya vyema kila kisanduku
nikapata mia kwa mia.

Kisha Januari, Winnipeg,
theluji imefika kwenye vitasa vya magari.
Mama Nabintu wa Bukavu kaja peke yake,
kakaa na koti lake, hataki kulivua,
kana kwamba wakati wowote ataambiwa ondoka.
Anamtazama daktari machoni, kavu, bila kupepesa.

"Roho inaniluma," akasema.

Mimi wa Korogwe, wa Kiswahili kilichonyooshwa kwa rula,
nikamwambia daktari: ana huzuni.
Daktari Oleksiuk akaandika. Akauliza habari za vita,
za ndoto, kama usiku hulia.
Mama akanigeukia
kama mtu aliyeagiza chumvi akaletewa majivu.
Akashika mkono wangu, akaubandika juu ya koti,
upande wa kushoto, akaukandamiza:
"Roho, mutoto yangu. Hii. Hii yenye inapigaka."

Ilikuwa inapiga kweli. Hatua tatu za mbio, moja ya kuchechemea.

Uso ukaniwaka.
Lugha moja, tena tunaiita kwa jina moja,
na bado nilikuwa nimemshusha kituo kisicho chake.
Nikasema kwa Kiingereza kilichonikwama kooni:
nimekosea mimi. Si huzuni. Ni moyo.
Sentensi hiyo hatukuifanyia mazoezi semina.

Daktari akafuta. Akauliza:
maumivu ni ngapi, kutoka moja hadi kumi?

"Namba ya nini? Kwani ni maharagi, tupime na kopo?"

Nikatafsiri vilevile, maharage na kopo lake,
ingawa ulimi ulishajikunja kusema: saba.
Saba ingetosha. Saba huwa inatosha.
Nimewagawia saba wagonjwa wengi
waliokuwa wakinieleza kitu kingine.

Daktari akaweka kalamu chini.
Bomba la joto likawa linagonga ukutani,
na mimi, ninayelipwa kwa kujaza kimya,
nikakiacha.
Kisha akauliza: kipi ulikifanya zamani
ambacho sasa kinakushinda?

"Bugali. Nilikuwa napikaka ya watu tisa.
Sasa ya wawili tu, naikalaka kwanza kwa kiti,
inaungua mu sufuria."

Hilo aliliandika lote. Nililiona karatasini,
bugali, kwa herufi kubwa, kama jina la dawa.
Akasema: Baba alikanda mkate hadi miaka themanini.
Siku mikono ilipomgomea ndipo tukajua.

Nikatafsiri: baba yake alikuwa akikanda mkate.

"Baba? Mwanaume? Mu jikoni?"
Mama akacheka hadi akakohoa.
Daktari akauliza kuna nini, nikamweleza,
naye akafunika uso kwa viganja:
kwao, wajukuu wa Waukreni waliokuja kulima ngano,
baba ni bibi.
Basi tukacheka watatu, kila mtu na kichekesho chake,
na katikati ya kicheko
Mama Nabintu akafungua vifungo, akavua koti,
akalikunja vizuri mapajani,
akauliza ile mashine yenye nyaya ni ya baridi ao ya moto.

Ya baridi, nikamwambia. Pole.
Na hilo la mwisho sikulitafsiri,
maana kwa daktari lingekuwa kuomba radhi.

Kituoni, nikingoja basi,
niligeuza ile orodha upande usioandikwa:
Roho, kwa wa Bukavu, ni moyo wenyewe, wa nyama.
Baba, uliza kwanza wa nani.
Nilikuwa na la tatu, kuhusu saba,
lakini wino uliganda.