Sarafu ya Kupandia

Lifti ya jengo letu, hapa Kutaisi, haiendi bila sarafu.
Lamara huziweka kwenye kopo la kahawa,
na kila jioni taarifa ya habari ikiisha
huilisha moja, apande kwangu ghorofa ya saba.

Husemwa kuishi kwingi ni kuona mengi.
Mimi nimeishi, na mengi yamenigomea:
mistari ya sindano, tarehe kwenye chupa,
uso wa binti yangu ndani ya simu
akipiga kutoka Italia, anakowaogesha wazee wa watu.
"Mama, umedunga?"
Nimedunga.
Simwambii kuwa jicho lililopima ni la jirani.

Lamara naye humwona hata sisimizi wa ukutani,
ila nyayo zake zimeacha kumletea habari.
Huvua soksi, huninyooshea miguu mapajani,
nami nampapasa polepole, kisigino, ukingo, kila upenyo,
nikitafuta unyevu, gamba, joto lisilo na sababu.
Januari nilikuta changarawe ndani ya kiatu chake.
Alikuwa ametembea nayo kutwa, sokoni na kurudi,
kama tarishi mwenye barua asiyoweza kuisoma.

Kwenye arobaini ya Otari wanaume walitushikia glasi:
kunyweni, marehemu hakataliwi!
Lamara akasimama na maji yake.
"Otari ameondoka na mguu mmoja," akasema.
"Nadhani atanielewa."
Meza ikanyamaza.
Kisha mjane, bila neno, akasogeza jagi la maji karibu yake.

Nakiri: Jumapili nilikula jozi za sharubati ya zabibu,
zile zinazotungwa kwenye uzi na kuanikwa.
Uzi mzima. Dirishani, peke yangu,
kama mtoto anayeiba na kuimba.
Jioni Lamara akasoma kipimo, akakisoma tena.
Mia tatu na kumi.
Nikasubiri kugombezwa, hata nilikuwa na jibu tayari.

"Vaa koti," akasema. "Tunashuka kwa ngazi."

Ghorofa saba. Mimi nikishika ukuta, yeye akishika mimi,
akinitajia kila ngazi iliyomeguka.
Kwenye ya nne tulipumzika, tukamsengenya daktari.
Uani theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka;
tulizunguka mara tatu, labda nne, alihesabu yeye.

Mlangoni akanifumba kiganja.
Sarafu, ina joto la mfuko wake.
"Kupanda," akasema, "nalipa mimi."