Kisanduku cha Tatu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea,
Nakuru ikiamka na vumbi lake puani,
nilipewa kazi ya kuweka dirisha la gumzo
ndani ya mfumo wa wateja.
"Upande wa kulia," meneja alisema, "lisizibe deni."

Nikaliweka kulia. Nikalipunguza upana.
Nikaunda kundi la Mauzo, kundi la Mafundi,
la tatu nikaliita Madeni, kisha nikaona haya,
nikaliita Ufuatiliaji.
Nikazima ule mlio wa kijiko kilichoanguka,
maana Nyaboke huruka kila unapolia
na chai kumwagikia risiti.

Githongo wa stoo hakutaka kuingizwa.
"Mimi nina mdomo," alisema, "na stoo si Uganda."
Nikamwingiza hivyo hivyo.

Chini kabisa vikabaki visanduku vitatu.
Nikavitia tiki vyote bila kusoma,
kama mtu anayesaini karatasi za benki
huku njaa ya saa saba ikimng'ata.

Kufika alasiri maneno yalikuwa yanatiririka
kando ya jina la Rael Chemtai wa Kuresoi:
pampu moja, malipo manne hayajafika.
Wekhomo: "Mama huyu ni mgumu kama katani."
Githongo, yule aliyekuwa na mdomo:
"Siku ya kuchukua pampu alicheka mpaka magego."
Nyaboke akaweka kikatuni kinacholia.

Saa kumi na dakika nane, chini ya kikatuni,
pakatokea herufi za kijani. Sisi sote tulikuwa buluu.

"Hamjambo. Mimi si mgumu.
Sakitu imebabua viazi, shamba zima jeusi.
Pampu ni nzuri, asanteni. Inavuta.
Kisima ndicho hakina cha kuvutwa.
Na huyo anayelia ni nani? Mpeni pole."

Githongo akaja kwa miguu kutoka stoo,
akasimama nyuma ya kiti changu, ananuka grisi, kimya.
Nikafungua mipangilio. Kisanduku cha tatu:
Mteja aone mazungumzo haya.

Kidole kilikuwa tayari juu ya tiki.
"Ngoja," Nyaboke akasema, "nimjibu kwanza."
Akaandika. Akafuta. Akaandika "Mama,"
akafuta hata hilo.

Zile herufi za kijani zikarudi:
"Naona mnaandika.
Mimi nipo."