Mkono wa Koti

Kazi yangu ni kubonyeza. Kila aingiaye, ta.
Jumanne hadi Jumamosi, kwenye kiti cha plastiki,
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha nguo kilichokufa
hapa Lewiston, Maine, kando ya mfereji ulioganda.
Sakafu bado inanuka mafuta ya mitambo,
na ukiinama utaona pamba katikati ya mbao,
pamba ya watu waliozikwa
kabla sisi hatujajua theluji ni kitu gani.

Nzigire ndiye mwenye maonyesho.
Kazaliwa Bukavu, kakulia kambini,
kasomea Boston namna ya kutundika vitu.
Alipita mtaani kwetu, mlango kwa mlango:
"Nipeni koti lenu la kwanza.
Lile mlilopewa kabla hamjaweza kuchagua."
Asukulu akampa lenye alama ya pasi mgongoni.
Wasomali wa chini wakatoa saba,
yote ya kike, yote mekundu, na hakuna aliyeeleza.
Mama akatoa la kijivu, vifungo vya pembe,
lililotoka ghala la kanisa, na ndani ya ukosi
kwa uzi wa samawati, jina: Jeannine O.

Miaka kumi na mmoja mama alilivaa jina hilo shingoni.
Kituo cha basi. Kliniki. Mahakamani, siku ya kiapo.
"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akisema,
huku akilifunga hadi kifungo cha juu.
Mikono ilimzidi. Akaikata, akaipinda,
kwa mshono wake ule, nyayo za kuku matopeni.

Makoti mia na arobaini, Nzigire ameyaunganisha
mkono kwa mkono,
yananing'inia kwenye mabomba, usawa wa mabega,
yakizunguka ukumbi kama watu wanaosubiri kuitwa.
Yeye hukaa katikati na cherehani,
saa sita hadi saa kumi, anashona, hasemi.
Hiyo ndiyo sanaa, niliambiwa. Nikabonyeza.
Mama alikuja mara moja, akauliza nani analipwa, akaondoka.

Alhamisi moja, watu tisa tu tangu asubuhi,
akaja bibi mmoja na bakora yenye miguu minne.
Ta.
Alizunguka kama anayetafuta mgonjwa wodini.
Kwenye la kijivu akasimama. Akageuza ukosi.
"Dada yangu," alisema.
Kisha kwa Kifaransa, kile chao cha hapa, cha kutafunwa,
nami nikajibu kwa changu cha shule ya masista,
tukashangaana.
Lucienne. Baba yao alishuka kutoka Quebec kwa treni,
watoto sita na godoro.
Jeannine alifuma humu humu, dirisha la nne,
na shuleni walichapwa kwa lugha ya nyumbani.

Akapapasa pindo la mkono.
"Nani kaukata?"
Mama yangu, nikasema.
Neno samahani lilifika kwenye meno, likarudi.

"Naweza kulivaa?"
Ukutani pana kibao: USIGUSE.
Nilikipigilia mimi mwenyewe.
Nzigire akaondoa mguu kwenye kanyagio,
na kwa mara ya kwanza nikasikia maji chini ya barafu.
Tukamshika, mimi huku, yeye kule,
mikono yake ikaingia, ikaingia, isitokee:
kiganja cha kulia kikaishia ndani ya Asukulu,
cha kushoto ndani ya jekundu moja la Wasomali.
Akabaki ametandazwa, bibi wa watu,
mabomba yakalia ukumbi mzima.

Nilingoja machozi. Hata leso niliishika.
Akapandisha bega. Akakunja uso.
"Bado linabana kwapani," akasema.
"Nilimwambia asilinunue."

Usiku nikamsimulia mama, anachambua maharage.
Hakuinua kichwa.
"Kwapani, ndiyo," akasema.
"Hasa la kushoto."