Mgeni wa Gigabaiti Nane

Saa nne asubuhi na jua bado halijaamua.
Juni ya Punta Arenas ndivyo ilivyo:
mchana mfupi kama njiti ya kiberiti,
na upepo umeshika bati la karakana yangu
kama mtu anayetaka kulifunua aone ndani kuna nini.

Eduvigis Mansilla ameingia bila kubisha,
amepakata laptopu ndani ya shali ya sufu
kama mtoto mwenye homa.
"Imekufa," anasema. "Ushirika wanataka daftari la kondoo
kabla ya saa sita.
Miaka ishirini na miwili, Nibaldo. Yote imo humo."

Naiwasha. Weusi, kisha mstari mmoja mweupe:
hakuna pa kuanzia.
Huko si kufa, namwambia. Huko ni kuamka
ukasahau mlango uko upande gani.

Shingoni, kwenye uzi mmoja na ufunguo wa nyumba,
nina flashi ya gigabaiti nane.
Ganda lake limepasuka, nimelifunga kwa utepe wa fundi umeme.
Ndani yake mna Linuksi nzima.
Ni mgeni asiyedai kitanda:
huja na jiko lake, sufuria yake, chumvi yake,
hupika juu ya umeme mtupu, na akiondoka
haachi hata jivu.

Naichomeka. F12, F12, F12.
Sharti uiwahi mashine
kabla haijarudi kwenye ndoto yake ile ile mbovu.
Nachelewa. Mara ya pili nawahi,
lakini bawabu wa baiosi anamkazia mgeni macho:
saini hii siijui, rudi ulikotoka.

Eduvigis anatazama saa ya ukutani.
Birika linachemka, hakuna anayeliondoa.

Namwambia bawabu alale kidogo.
Napanga foleni upya: wa nje atangulie, wa ndani afuate.
Ndio ufundi wote ulionilisha miaka kumi na moja,
kujua nani aitwe kwanza.

Kisha maandishi.
Mistari inashuka, na kila mmoja mbele yake una neno
sawa,
sawa,
sawa,
kama kondoo wanaopita langoni mmoja mmoja.
Midomo ya Eduvigis inahesabu. Nadhani hajui.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mwenyeji huyu haponi.
Diski yake inakwaruza, tk, tk, ukucha kwenye kioo,
na mgeni amemkuta mahututi.
Kazi iliyobaki ni kumtoa vitu mikononi kwa upole,
kusoma tu, bila kuandika,
asije akashtuka.

Daftari linafunguka.
Namba za masikio. Siku ya kuzaa. Kilo za sufu.
Na safu ya mwisho, ya waliokufa: sababu.
Theluji. Puma. Theluji. Mbweha. Uzazi.
Nilichelewa.
Theluji.
Nilichelewa.
Nateremka miaka kwa kidole,
nalikuta neno hilo mara tisa, kwa herufi ndogo,
katika daftari ambalo hakuna aliyemtaka aungame humo.

"Safu hii niifute kwenye nakala yao?"

Anakaa kimya. Nje lori la samaki linapita,
taa zote zinawaka kama ni usiku.
"Nakili yote," anasema. "Ulivyoikuta."

Saa tano na dakika hamsini faili limekwenda.
Nakala nyingine anaitia ndani ya soksi, anaacha mezani
nusu ya jibini na noti ambazo sikumdai.

Nachomoa flashi. Ina joto
kama yai lililotoka sasa hivi.
Laptopu inajiwasha kwa mazoea, inaandika tena
hakuna pa kuanzia,
naye anaizima, anaifunika kwa shali,
anaingiza pembe za shali chini yake moja moja,
upande wa upepo kwanza.