Mpima Mabega

Mchana ule popo wa Amboni walitoka wote,
saa saba, jua la utosi,
wakalifunika soko la Mgandini kama turubai,
nasi tukajua: Mwinyi Kombozi wa Dola ya Chokaa
amekwisha kupumua.

Mimi nilikuwa na mdomo umejaa pini,
barabara ya kumi na sita, Ngamiani,
nashona sare ya mjukuu wa jirani.
Sikuzitema. Nilimaliza pindo kwanza.
Maiti ya mfalme ina subira,
mtoto Jumatatu anaingia darasani.

Jioni mpiga mbiu akaizungusha sheria
kutoka Chumbageni hadi Makorora:

    Mwinyi hafi, huondoka, joho huliacha chini,
    Mwenye bega la kushika, ndiye atakaa ndani,
    Likibana, likishuka, na arudi mlangoni,
    Bega ndilo lenye dola, wala si damu mwilini.

Na anayekata joho ni fundi.
Na fundi ni mimi, Zumo wa Mwakidudu,
mwenye cherehani ya kukanyaga, mkanda umelegea.

Usiku wa kwanza akaja Shemvua, mkubwa wao,
mabega kama gogo la bucha.
Aliweka mezani ufunguo wa ghala la mkonge.
"Kata kwa mapana," akasema,
akaondoka kwa ubavu, mlango wangu mwembamba.

Usiku wa pili Kiando, wa mke mdogo,
bega moja juu, jingine chini,
tangu alipoangushwa na farasi.
Hakuleta kitu ila kisu.
Akakimenyea chungwa langu, akalila lote,
kokwa akazipanga juu ya kitambaa.
"Upogo," akasema. "Kata upogo."

Alfajiri akaja Mwanakheri.
Hakuketi. Alinivua utepe shingoni,
akajipima mwenyewe, akasoma namba, akacheka:
"Kumbe baba alikuwa mdogo hivi."
Saa mbili alikuwa kwenye treni ya Korogwe.
Hakuna aliyemuuliza, na barua haijaja.

Nikakata.
Wallahi sikumkatia yeyote.
Nilifungua daftari la babu,
ukurasa uliolowa mafuta ya taa,
nikafuata kipimo cha Mwinyi Kombozi
siku alipotawazwa: miaka kumi na tisa,
mifupa na njaa.

Raskazone, mbele ya mawaziri,
Shemvua akapenyeza mkono mmoja, mshono ukalia.
Kiando likamning'inia kama nguo kwenye mwiba.
Wakaita jina la tatu mara tatu.
Kisha, kwa kuwa wali ulikuwa umeshaiva
na wageni walikuwa na safari,
wakakivisha kiti.

Huu mwaka wa saba. Joho linatawala.
Waziri huinama, huuliza, hungoja kidogo,
hutoka akisema, "Limekubali."
Ushuru wa nazi umeshuka,
au labda hakuna anayekumbuka kuupandisha.
Shemvua anauza mbao Pangani.
Kiando hupita dirishani kwangu, haniamkii.

Kila Alhamisi naingia na kikapu changu.
Nondo hawajui ukoo.
Kwapani wamekula, nimetia kiraka
cha shuka la Bi Mwantumu muuza bagia.
Kola ni gunia la katani, nimelilainisha kwa maji ya mchele.
Mkono wa kushoto, wote, ni ile sare:
mtoto ameshaivuka, sasa ana ndevu.
Zari ndiyo iliyobaki ya zamani,
nayo naifumua, uzi mmoja kila wiki.

Jana waziri alipiga magoti,
akalishika pindo, akalibusu, machozi yakamtoka.
"Damu ni damu," akaniambia.
"Tazama, Fundi, linavyozidi kufanana na marehemu."

Mimi nilikuwa na mdomo umejaa pini.