Sikio la Mjomba Vekoslav

Ilianza kwa kipande cha povu na kisu cha jikoni,
karakanani, juu ya meza iliyokuwa ya kutengenezea skii.
Radivoj alichora bawa, akalifuta, akachora tena;
mimi nilipewa mkia.
Usidharau mkia: ndege isiyo na rubani
huanza kupotea nyuma, kama uongo.

Bonde letu la Vipava lina upepo wake, burja,
ndio maana mapaa yetu yamelaliwa na mawe.
Droni ya kwanza iliishi dakika nne.
Ya pili iliangukia shamba la mizabibu la watu,
tukalipa mashina sita, na radhi juu.
Ya tatu ilitulia angani kama imepigwa msumari,
na wanajeshi kutoka Ljubljana wakatikisa vichwa:
"Inaona vizuri. Lakini inasikika."

Basi nikamkumbuka mjomba.
Macho yake yamebakiwa na mwanga wa kujulia dirisha tu,
lakini huusikia mzinga utakaogawanyika
siku mbili kabla nyuki wenyewe hawajakubaliana.
Tukamketisha kigodani katikati ya mizinga,
kengele ya mbuzi mkononi:
ukiisikia, mjomba, piga.

Mita mia tano. Kengele.
Tukapunguza mizunguko, tukarefusha rafadha. Kengele.
Tukazichonga kingo zake mfano wa unyoya wa bundi. Kengele,
na juu yake tusi la Kislovenia lisilotafsirika.
Michoro kumi na saba,
gundi kwenye nywele zangu, nyuzi za kaboni kwenye sweta,
Radivoj akilala chini ya meza na viatu vyake.
Miti ya plamu ikachanua bila kutuuliza.
"Leo mmeleta nyigu," alisema mjomba.
Wiki nyingine: "Leo mbu."
Tulimshangilia mbu yule kama waliopata mtoto.

Alhamisi moja kengele haikulia.
Tulizunguka dakika arobaini juu ya kofia yake.
Nikauliza redioni kama mzee amesinzia.
Hakuwa amesinzia.

Jioni tukafungua picha,
wanajeshi wamesimama, mikono nyuma.
Kamera ilihesabu vifungo vya shati lake.
Tukamwona anainuka, anapapasa mpaka mzinga wa mwisho,
ule wa buluu, uliopakwa rangi na mkazamjomba Terezija
mwaka aliofariki.
Akaegemeza paji la uso kwenye ubao.
Midomo ikawa inakwenda, jambo refu.
Kisha akainua kichwa,
akageuza sikio huku, akageuza sikio kule,
kuhakikisha yuko peke yake,
akalia.

Kanali akasema, "Safi sana."
Radivoj alisaini. Nami nikasaini chini yake,
pale palipoandikwa: Kelele, hakuna.

Macho hayana pazia.
Pazia la mjomba lilikuwa sikio,
na mimi miezi mitano nililifumua uzi kwa uzi
nikidhani natengeneza mkia.

Jumapili alinipa chupa ya asali.
"Alhamisi hamkuja," alisema. "Nilingoja na kengele yangu."
Upepo, mjomba, nikamjibu. Upepo ulikuwa mbaya.
Akanyamaza, akaifuta chupa kwa kiganja,
yeye ambaye, katika bonde zima,
ndiye aliyejua Alhamisi hata jani halikutikisika.